Kufunga kwa Ajili ya Watoto

Kwetu sisi wa Mpanda, samaki wa Ziwa Tanganyika ni dagaa, migebuka, sangala na kuhe. Tunawafahamu sokoni na kwenye sahani. Likizo iliyopita tulitumwa Ikola kwa kazi za kichungaji, na huko tukapata nafasi ya kuwatazama samaki wakiwa kwao. Tuliazimwa miwani mbili za kuzamia na mirija ya kupumulia, tukawa tunapokezana. Mzee mmoja mvuvi alituonyesha penye miamba, mahali ambapo wenyeji huoga bila hofu ya mamba.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal pekee. Lakini mengi ya kustaajabisha yako karibu na ufuko. Kwenye mchanga tuliona samaki wadogo kama kidole, wakiishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kwenye mawe tuliona weusi wenye mkanda mpana wa njano kiunoni, wakikwangua mwani. Ni ndugu wa mbali wa sato na perege. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya huwaita kwa jina la kijiji hiki, Ikola, ingawa wengi wao hawajakanyaga hapa.

Mama wa samaki hao hubeba mayai mdomoni, kisha watoto, kwa muda wa karibu mwezi mzima. Watafiti waliochunguza jamii hii waligundua jambo la ajabu: mama akikwangua mwani siku hizo, chakula hicho huwafikia watoto waliomo mdomoni, naye mwenyewe hukonda.

Tulipotoka majini tulimsimulia mzee kwa furaha. Akatusikiliza, kisha akasema: "Mafrateri, hata sisi tumewahi kufunga kwa ajili ya watoto wa samaki."

Alikuwa anakumbuka mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hakupinga uamuzi huo. Alijua kwamba nyavu za macho madogo huvua hata wasiokomaa, na kwamba ziwa ni moja kwetu, Burundi, Kongo na Zambia. Ila aliongeza: "Ukifunga peke yako, hiyo ni njaa tu."

Maneno hayo tumerudi nayo seminarini. Ni rahisi kwetu kuhubiri utunzaji wa uumbaji mbele ya watu ambao ndio watakaolala bila kula. Mvuvi anapotundika nyavu, anayefaidika si yeye peke yake. Ni kila anayenunua dagaa Mpanda, na watoto ambao hawajazaliwa. Basi mzigo huo usiwe wake peke yake.

Mpanda tuna mahindi na mpunga. Ziwa likifungwa tena, jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchangia debe moja moja kwa familia za mwambao, na sisi mafrateri tukatoa nguvu zetu kupakia na kusambaza. Hapo kufunga kutakuwa kwa wote, na samaki watakapoongezeka, tutashukuru pamoja kwa haki.