Mlango Wangu Si Ubao wa Matangazo

Kabla hujaendelea kusoma, toka nje uangalie mlango wako. Kama unaishi kwa hizi gorofa zetu za Nairobi, mlango ni wa chuma, na kama ni wa chuma basi mtu wa gesi ameshapita hapo. Wangu ulikuwa na sumaku nane mwezi wa kwanza tu: nne za gesi, mbili za maji ya kunywa, moja ya fundi wa mabomba na moja ya jamaa wa kuua kunguni. (Huyo wa kunguni, alijuaje?) Hakuna aliyebisha hodi. Unatoka asubuhi, unarudi jioni, mlango umeshavalishwa.

Watu huziita sumaku za friji. Friji gani sasa? Bedsita yangu ina kitanda, meko, ndoo mbili na taa ya kurekodia. Mlango ndio friji yetu.

Msimamo wangu ni huu: kodi ya huo mlango nalipa mimi. Sina vita na mtu wa gesi, anatafuta unga kama mimi. Lakini ukibandika kitu kwangu bila kuniuliza, kimekuwa changu. Na changu nakikata.

Kuna wasee wataniambia nizitupe tu yaishe. Zinatupwa wapi? Hiyo sumaku laini inayokunjika ni unga wa feraiti, yaani oksaidi ya chuma pamoja na strontiamu au bariamu, umechanganywa na plastiki au mpira hadi ukawa kama karatasi nene. Mtu wa chuma chakavu wa mtaani kwetu aliikataa kwa sababu ni plastiki. Mtu wa plastiki akaikataa kwa sababu ina chuma. Kwa hivyo inakaa kwa pipa, halafu Dandora, halafu inakaa huko.

Jaribu kitu kimoja. Chukua sumaku mbili za matangazo, uzikutanishe migongo ile myeusi, halafu uvute moja polepole. Upande mmoja utasikia inaruka-ruka, kr-kr-kr, kama zipu. Zungusha moja robo, vuta tena, inateleza tu. Sababu ni kwamba ncha zake zimepangwa kwa mistari myembamba, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, kama matuta ya shamba la viazi. Ndiyo maana unaweza kuikata umbo lolote na kila kipande kikabaki na nguvu yake. Nguvu yenyewe iko karibu yote mgongoni, na haifiki mbali. Ukiweka kitambaa upande mweusi imekufa, haishiki tena. Kitambaa kinakaa upande wa picha, juu ya lile tangazo.

Sasa, nyingi ninazokata hazikutoka mlangoni kwangu. Zilitoka kwa boksi la mathe.

Mathe anauza gesi Kayole. Miaka mitatu iliyopita aliona kila mpinzani wake ana sumaku, naye akaamua kuchapisha zake, 300, shilingi 40 kila moja. Hiyo ni Sh12,000, pesa ya chama. Boksi lilifika likiwa safi kabisa, moto wa buluu, maandishi makubwa. Shida ilikuwa kwa namba ya simu. Palipofaa kuwa na 1, kulikuwa na 7. Alirudi kwa lile duka la kuchapisha mjini, wakamtolea karatasi aliyowaandikia kwa mkono wake, wakamwambia, "Mama, hii moja yako si ni saba?" Pesa haikurudi.

Wakati anagundua alikuwa ameshagawa kumi. Kuna jamaa wa Kitale akaanza kupigiwa simu apelekee watu wa Kayole mitungi ya kilo 6. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya nne hakucheka. Tulizunguka mimi na mathe gorofa kwa gorofa tukizibandua.

Hiyo ndiyo semesta karo yangu ilikataa kutosha. Nilikuwa mwaka wa pili, nikarudi nyumbani, sijarudi tena chuo. Sisemi sumaku ndizo zilinitoa, maana Sh12,000 haingefika hata nusu ya deni langu. Lakini kwetu hivyo vitu viwili viliingia mlango mmoja wiki moja, na vikakaa pamoja. Boksi chini ya sofa, faili yangu ya chuo juu ya kabati. Ukisafisha nyumba unapita katikati ukiangalia mbele. Mathe alikataa kulitupa. "Pesa haitupwi," alisema, na kwa kitabu chake cha madeni akaandika hasara 12,000, akapiga mstari chini yake.

Nilipohamia bedsita nilimwomba nibebe zile sumaku ishirini za juu. Nilitaka tu kitu cha kukata kwa video, zile video za mikono na sauti ya makasi bila maneno. Kumbe kazi yenyewe ni tamu.

Nitawaeleza vile nafanya, kwa sababu komenti zimejaa swali hilo. Uso wa tangazo ni plastiki laini, gundi ya mbao haishiki hapo, itabanduka kesho. Kwanza usugue na msasa mpaka ule mng'ao utoke. Gundi ni ile ya fundi wa viatu. Paka sumaku, paka kitambaa, ngoja kama dakika kumi hadi ukigusa haikamati kidole, ndipo uvikutanishe na ukandamize sana. Fungua dirisha, hiyo harufu si mchezo. Kitambaa kiwe kikubwa kuliko sumaku, halafu vikate vyote viwili pamoja ndio ukingo uwe mmoja. Ukingo upake rangi ya kucha ile isiyo na rangi ili nyuzi zisichomoke. Makasi ya jikoni usiguse, ule unga wa chuma utayafanya butu na utajieleza kwa mathe wako.

Vitambaa ni vipande vya kitenge kutoka kwa mama wa cherehani wa hapo chini. Vile vidogo visivyotosha hata kiraka. Ananipa bure, mimi namfagilia. Maumbo nimejaribu mengi: samaki, jani la sukuma, chupa ya soda, mandazi. Matatu ndiyo inashinda zote, na watu wa rika letu wanataka ile iliyojaa rangi kama nganya ya Rongai, magurudumu ya vifungo vya shati. Usiiongezee vitu vizito, sumaku yenyewe ni nyembamba, itateleza mlangoni kama konokono. Ukitaka nguvu, bandika mbili pamoja.

Na msichomoe zile sumaku ngumu ndogo za spika na ifoni mkaweka hapo, kuna mtu aliniuliza. Mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana tumboni zikabana utumbo, na hiyo ni safari ya upasuaji.

Nauza soo moja. Zimeenda 74.

Sasa ndipo tukakosana na mathe. Alikuja kwangu Jumapili moja, akachukua matatu moja ya kitenge, akaigeuza, akaona mgongo mweusi, akaigeuza tena.

"Namba iko wapi?"

"Haina namba, mathe. Ndiyo maana watu wanaipenda."

"Kwa hivyo ilikuwa na namba mbaya, wewe ukaiacha bila namba. Umeirekebisha nini?"

Nilimweleza vile naona. Nyumba niliyolelewa, kila pambo lilikuwa la mtu anauza kitu. Kalenda ya ukutani ilitoka kwa bucha. Saa ilikuwa na jina la duka la mbegu. Fulana yangu ya kulala ilikuwa na uso wa mwaniaji aliyeshindwa kura. Hata kikombe cha chai kilikuwa kinanikumbusha kuweka akiba. Hatukununua pambo hata moja, tulipewa, na kila tulichopewa kilikuwa kinaongea. Nataka kitu kimoja kwa huu mlango ambacho kimekaa tu hapo kikiwa kizuri na hakiniombi chochote.

Mathe hakubishana. Alisema, "Hata leso ina maneno."

Nilidhani anamaanisha lile jina la leso, ile methali ya chini. Wiki iliyofuata akaja na leso yake ya Mombasa, akaikunjua kitandani kwangu na kuweka kidole kwenye maandishi madogo: Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Biashara Street, Mombasa, nyumba iliyoanza biashara hiyo karne ya 19. Ni alama ya muuzaji. Ni tangazo, wasee. Mathe amenibeba mgongoni na tangazo, amejifunga tangazo matangani na harusini, na watu hutafuta alama hiyo kwanza kabla hawajanunua, ndio wajue leso ni yenyewe.

Nilikaa na hiyo siku kadhaa. Jibu nililo nalo mpaka sasa ni nusu. Leso unainunua kwa pesa yako, na unachagua jina unalotaka kusema na unayetaka alisome. Hakuna mtu amewahi kukuvalisha leso ukiwa kazini. Na muuzaji alikupa kitambaa kizima, rangi, pindo na mji, kisha akaweka jina lake dogo kando. Sumaku ya gesi ni jina tupu, kitambaa hakuna. Mathe anasema hayo ni maneno ya mtu ambaye hana mitungi ya kuuza. Hilo nalo ni kweli.

Kwa hivyo namtengenezea 50. Mbele ni kitenge, na pembeni kabisa namba yake, ndogo, anaiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Nilimwambia moja yake aivalishe kofia na viatu. Anampa mteja akiomba, habandiki kwa mlango wa mtu. Zingine naendelea kuuza bila namba, na kila Jumapili anauliza zimefika ngapi, kwa sababu anataka kufuta ule mstari kwa kitabu. Kwa hesabu yake tuko 7,400. Kwa yangu tuko chini ya hapo, mathe hahesabu gundi.

Nikitoa zilizoniharibikia nikijifunza, zimebaki kama 160 kwa boksi. Yule jamaa wa Kitale bado anapigiwa simu moja moja. Kuna sumaku mbili hatukuwahi kuzipata.