Siku tisini za karatasi, miaka yote ya bunduki

Wasomaji na wasikilizaji wetu, ninyi mliobaki kando ya ziwa na ninyi mliotawanyika tangu Machi 2024, M23 walipofika Vitshumbi, mmenizoea kwa habari za bei ya samaki, barabara na mitumbwi iliyokamatwa. Leo nawaletea habari ya nyumbani kwetu. Nimeomba ruhusa kwa mama mdogo, naye akasema: andika, ila majina uyaache.

Jumapili moja ya mwezi wa tano mwaka 2025, simu yangu ililia usiku hapa Goma. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Marekani katika jimbo la New Jersey. Alipitia kambi ya Nakivale kule Uganda, akakaa humo miaka mingi, kisha akachukuliwa. Sasa ana uraia wa kule, ana mke na watoto wawili, na anafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo.

"Yaya," akaniambia, "wewe unajua kuhesabu siku. Nihesabie."

Nilidhani ni siku za mimba ya mke wake. Kumbe ni za bastola.

Akanieleza polepole, maana mimi sikuwahi kusikia utaratibu wa namna hiyo. Katika jimbo lake, mtu hawezi kuingia dukani na kutoka na bastola hivi hivi. Lazima kwanza aombe kibali cha kununua kwa polisi wa mji wake. Awe ametimiza miaka 21. Anachukuliwa alama za vidole. Anaulizwa kama aliwahi kuhukumiwa, kama aliwahi kutibiwa ugonjwa wa akili, kama kuna amri ya korti dhidi yake kwa sababu ya kupiga watu wa nyumbani. Anataja watu wawili wanaomfahamu, nao wanaulizwa ni mtu wa namna gani. Analipa dola 25 kwa kila kibali. Kisha anangoja. Yeye alingoja wiki saba.

Kibali kimoja ni bastola moja. Kikitoka, kina siku 90, na zikipita kimekufa. Mkuu wa polisi anaweza kukuongezea siku nyingine 90 ukiwa na sababu nzuri, lakini si haki yako, ni kuomba. Tena kuna sheria nyingine: huruhusiwi kununua zaidi ya bastola moja katika siku 30.

Mwenzake wa kazini alikuwa amemshauri aombe vibali viwili kwa mara moja, kwa kuwa kungoja ni kurefu. Akaomba viwili. Vyote vikatoka na tarehe ileile, 6 Mei. Hapo ndipo hesabu ilipomchanganya.

Nikachukua kalamu. Kutoka 6 Mei, siku 90 zinaisha 4 Agosti. Akinunua ya kwanza wiki hii, ya pili ataweza kuinunua katikati ya mwezi wa sita, bila haraka. Akichelewa hadi 5 Julai, ya pili itaangukia siku ya mwisho kabisa. Akipitisha hapo, zile siku 30 zitavuka mwisho wa kibali, na karatasi ya pili itakufa kabla hajaitumia.

"Kwa hiyo nina mpaka mwanzo wa mwezi wa saba," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu. "Lakini mdogo wangu, bastola mbili za nini?"

Akanyamaza. Nilisikia mashine za ghala nyuma yake. Kisha akasema neno moja tu: "Baba."

Wazee wa Vitshumbi wanaijua habari hii. Niieleze kwa ajili ya vijana.

Mwisho wa mwaka 1996, wakati wa vita ya AFDL, askari wa Mobutu walikuwa wanakimbia. Wengi walikuwa na njaa na hawakutaka kukutwa na silaha mkononi. Usiku mmoja askari wa namna hiyo alibisha kwa baba mdogo. Baba mdogo alikuwa na mitumbwi miwili na mota moja, na nyavu zake zilikuwa zimeshaibiwa mara mbili majini. Walielewana upesi. Askari alitoka na magunia mawili ya makayabo na nguo za raia. Baba mdogo akabaki na bunduki na risasi chache.

Mambo yote yalikwisha kabla jogoo hajawika. Nchi yetu ilikuwa na sheria: ile ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi inamkataza raia kumiliki bunduki bila kibali. Lakini usiku ule hakuna aliyemwuliza baba mdogo kama ana hasira na mtu, wala hakuna aliyemwambia arudi baada ya mwezi. Majirani wawili walijua, na baadaye wakajua kumi.

Mwanzoni ilifaa. Wezi wa nyavu walipita mbali. Baba mdogo aliizungusha kwenye turubai na kuificha juu ya dari, na mama mdogo alikuwa akipika chini yake kila siku. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na miwili, nilipenda kulala kwao kwa sababu nilijiona nalindwa.

Mwaka 1999 walikuja watu wa msituni, usiku, watano. Hawakuuliza samaki wala feza. Waliuliza bunduki. Walijua iko, walijua na mahali ilipo. Baba mdogo alisema hana, labda alidhani wanabahatisha. Walimpiga risasi mlangoni, wakapanda, wakaishusha, wakaondoka. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa chini ya kitanda, miguu ya baba yake akiiona.

Sasa mtoto huyo ana miaka thelathini na mitano, yuko ng'ambo ya bahari, na bado anasikia mlango ukigongwa. Kwa hesabu yake, baba alikufa kwa sababu bunduki ilikuwa juu ya dari, mbali na mkono. Yeye anataka moja ya chumbani na moja ya gari. Kwa hesabu yangu, baba mdogo alikufa kwa sababu bunduki ilikuwa ndani ya nyumba. Tumebishana hivyo mara nyingi, na siwezi kusema kwamba nimemshinda.

Usiku ule sikubishana. Nilimwambia kitu kimoja tu kuhusu karatasi zake, na ndicho kilichonifanya niandike leo.

Sisi wa Vitshumbi tumezaliwa ndani ya vibali. Kijiji chetu kiko ndani ya Mbuga ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, na upande wetu wa Ziwa Edouard vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa ni vitatu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Mtumbwi wako lazima uwe na kibali na namba. Wavu wako una kipimo, na wenye matundu madogo umekatazwa. Mahali samaki wanapotagia hapaguswi. Tumelalamika sana juu ya mambo haya, na tukaona pia watu waliojifanya hawayajui. Lakini ona jinsi kibali cha kuvua kinavyofanya kazi. Kikiisha, mtumbwi ndio unaosimama. Mlinzi hakuulizi tu ulinunua wapi wavu; anaushika, anaupima kwa mkono wake, leo, na kesho tena. Kibali kinaufuata wavu mpaka uchakae.

Kibali cha mdogo wangu ni cha namna nyingine. Zile siku 90 ni za njia ya kwenda dukani tu. Akishanunua, karatasi imemaliza kazi yake. Bastola haina siku 90. Itakaa kabatini miaka thelathini ikipakwa mafuta, itamwona mtoto wake akiwa mlevi au akiwa na huzuni, itawaona wageni wanaoingia na kutoka, na hakuna tarehe itakayomwita yeye aulizwe tena: je, bado wewe ni mtu yule yule?

Mahali pengine wameona tatizo hilo. Kenya, cheti cha kumiliki bunduki kinafanywa upya kila mwaka, na mwisho wa 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye vyeti warudi kukaguliwa upya, ikawapa siku 90. Siku ni zilezile tisini, lakini kule zilihesabiwa kwa mtu ambaye tayari ana bunduki.

Hata hivyo sitaki kuidharau karatasi ya mdogo wangu. Nilimwuliza: "Zile wiki saba ulizongoja, zilikuwaje?" Akacheka kidogo. Aliomba vibali wiki ileile gari la jirani lilipovunjwa kioo. Wiki ya kwanza hakulala. Wiki ya pili alikasirika na polisi kwa kuchelewa. Wiki ya nne alisahau siku mbili nzima. Kibali kilipotoka, hakikumpa furaha aliyoitarajia.

Nikamwambia: "Baba yako hakupewa wiki hizo. Alipewa nusu usiku."

Hakunijibu. Alisema mkubwa wake wa kazi anamwita.

Tangu hapo tuliongea habari nyingine: shule ya watoto, mvua, mama mdogo na mguu wake. Mimi nilikuwa nahesabu kimyakimya. Mwezi wa sita ukapita. Tarehe 5 Julai ikapita. Wiki iliyofuata ndipo alinipigia akasema amenunua moja. Amenunua na sanduku la chuma la kufungia, na ufunguo anatembea nao. Ya pili, nikamkumbusha, haiwezekani tena kwa karatasi ile. "Najua," akasema. "Nilihesabu."

Tarehe 4 Agosti kibali cha pili kilikufa. Hakuomba kuongezewa siku. Sikumwuliza kwa nini, naye hakusema. Ningependa kuwaambia kwamba ameacha hata ile moja, lakini isingekuwa kweli. Iko kwenye sanduku, na mimi bado siipendi.

Ninawaandikia ninyi kwa sababu moja. Kati yetu tuliokimbia, wengi mnaombwa mnunue. Tuliokaa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya kabla kambi hazijavunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025 tunakumbuka wenye silaha waliozunguka kandokando ya mahema, na milio ya usiku. Bunduki zimebaki mikononi mwa watu, na mtu mwenye njaa huuza alicho nacho. Anakuja jioni, anasema bei ni ndogo, anasema amua leo kwa sababu kesho atampa mwingine. Ni maneno yaleyale aliyoambiwa baba mdogo mwaka 1996. Huku kwetu hakuna polisi wa kukuandikia siku 90 wala siku 30, hakuna wa kuuliza rafiki zako wawili kama unafaa.

Basi hayo mambo inabidi tuyafanye sisi wenyewe. Mtu akikuletea, jibu la kwanza liwe: sitoi neno leo. Mwulize mke wako, maana yeye ndiye atakayepika chini ya dari hiyo. Waulize watu wawili wanaokujua ukiwa na hasira. Jiulize ni nani tayari anajua kwamba unaletewa, na nani atajua mwezi ujao. Muuzaji akikataa kungoja, umeshajua ni biashara ya namna gani.

Na kwa wale ambao tayari wanayo, najua mpo, sitawauliza majina. Nawauliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza baba mdogo katika miaka miwili na zaidi aliyolala chini ya ile bunduki: sababu iliyokufanya uinunue, bado ipo? Kama haipo, bunduki inakungojea nini?

Mama mdogo nilimsomea haya jana kabla ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimekosea mahali pamoja. Magunia ya makayabo hayakuwa mawili, yalikuwa matatu. La tatu alilibeba yeye mwenyewe mpaka mlangoni.