Usibonyeze Fomati

Kuna ujumbe mmoja wa kompyuta ambao kila mwenye mzazi anayetunza kumbukumbu za familia anafaa aujue. Unachomeka diski ya nje, na badala ya kufungua folda, Windows inakwambia lazima uifomati diski kabla ya kuitumia. Wengi wetu tukisoma hivyo tunaelewa "diski imekufa". Wala haijasema hivyo. Imesema tu kwamba haijaelewa ilichokiona. Tatizo ni kwamba msaada inaokupa ni kitufe cha kufuta kila kitu.

Mama alinipigia simu huku ujumbe huo uko mbele yake. "Mwanangu, inaniambia nifomati. Nibonyeze?"

Mama, usiguse kitu. Nakuja.

Kutoka kwangu hadi kwake ni treni mbili, hapa hapa London, na njia nzima nilikuwa nawaza kilichomo. Bibi alikuwa akirekodi kaseti huko Wete, Pemba, na kuwapa watu wanaosafiri, enzi simu ilikuwa ghali. Salamu tu dakika kumi, kisha nani kaoa, nani kafariki, karafuu zimezaa au zimegoma. Ami alizihamishia zote kwenye kompyuta, halafu kaseti zenyewe zikaota ukungu, zikatupwa. Nakala ilibaki hiyo moja. Na Kipemba cha bibi sisi hatukukirithi. Tuna Kiswahili cha sebuleni, kile cha "njoo ule" na "zima taa".

Nilikwenda na kompyuta yangu ya Linux. Nikafungua terminali, lile dirisha jeusi ambalo mama anasema linamtisha, nikaandika:

`lsblk`

Hii inaorodhesha diski zote na vipande vyake. Ya mama ilitokea kama sdb, ukubwa 931.5G (ndiyo terabaiti 1 ya dukani hiyo, msishtuke), na ndani yake kipande sdb1. Huo ukubwa uangalie vizuri, ndio unaokuhakikishia kwamba hujaishika diski ya kompyuta yako mwenyewe. Kisha `sudo blkid` ikanionyesha kwamba sdb1 ni ntfs. Hapo nikapumua kidogo.

`sudo mkdir /mnt/bibi`
`sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/bibi`

Linux haina mambo ya D: na E:. Faili zote ziko kwenye mti mmoja, na diski mpya unaipachika kwenye tawi, yaani folda tupu uliyoitengeneza. Jina la folda unachagua wewe. Lakini kilichonileta mimi huku kote ni zile herufi mbili, ro: isomwe tu, isiandikwe. Diski ya NTFS iliyochomolewa vibaya, Linux mara nyingi hukataa kuipachika kwa kuandika, ila kwa kusoma tu inakubali. Hilo ndilo ombi dogo ambalo vile vitufe havikuwa na nafasi yake. Nilitaka kuchungulia, basi, na kwa maneno niliweza kusema hivyo hivyo.

Nikabonyeza Enter. Kimya. Mstari mpya, hakuna zaidi.

"Imekataa?" mama akauliza.

Hapana, mama, hii ikikubali haisemi kitu. Nikaandika `ls /mnt/bibi`, na folda za ami zikajipanga, kila moja na mwaka wake.

(Kama yako inagonga-gonga kwa ndani, au kunakili kunakwama, acha hapo hapo. Diski ya namna hiyo unainakili nzima kwanza kwa ddrescue, na kama huijui, mpe anayeijua.)

Nilinakili kila kitu kwa `cp -a`, mara mbili, kwenye kompyuta yangu na kwenye diski mpya. Ilichukua muda wa chai na maandazi. Mwisho nikataka kuitoa:

`sudo umount /mnt/bibi`

Ni umount, siyo unmount, n ya kwanza haipo. Ikakataa, eti folda bado inatumika. Kugeuka, mama ameshafungua faili moja pembeni ya skrini, kavaa hedifoni zangu, anacheka peke yake.

Nikamuuliza bibi kasema nini.

"Ngoja," akasema, "hajafika penyewe."