Mila ya Mchezo na Hukumu ya Washabiki

Mazoea yana nguvu kubwa katika maisha ya watu. Jambo likifanywa mara moja huwa ni tendo. Likirudiwa na baba, mwana na mjukuu, huwa mila, na mila haiguswi bila ya kelele. Nimeishi Marekani miaka kumi na minne nikifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha majimbo ya kati, na sijaona mahali ambapo ukweli huu hudhihirika kama katika futiboli ya vyuo.

Msomaji asidhani kuwa nasema juu ya kandanda tuijuayo. Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa mpira uliochongoka ncha mbili, unaochukuliwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu, na timu husonga mbele hatua kwa hatua kama jeshi linaloteka ardhi ya jeshi jingine. Vyuo vilianza kushindana tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers ilipoishinda Princeton 6 kwa 4. Tangu hapo mchezo umekuwa sikukuu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huingia watu zaidi ya 100,000. Jumamosi za Septemba hadi Novemba bendi hupigwa, nyama huchomwa tangu asubuhi, na wazee waliohitimu nusu karne iliyopita huvaa rangi za chuo chao kama vijana.

Mimi si mshabiki wa kuzaliwa. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya posta, ndiye aliyenifundisha kanuni za mchezo, akinialika kwake kila msimu nile na kutazama televisheni pamoja na jamaa zake. Miaka ya kwanza mazungumzo yalikuwa ya mzaha na majigambo. Miaka hii ya karibuni yamekuwa ya majonzi na ugomvi, maana mchezo umebadilika kwa kasi, na kila mmoja ana hukumu yake. Nimesikiliza hukumu hizo kwa makini, nikaona kuwa malalamiko makubwa ni matatu.

La kwanza ni juu ya ujirani. Zamani vyuo viliungana katika ligi kwa kufuata ramani, kila chuo kikishindana na jirani zake. Ligi ya magharibi, iliyoanza mwaka 1915 na mwishowe ikaitwa Pac-12, ilivunjika mwaka 2024. Vyuo kumi viliondoka kufuata fedha za televisheni, vikabaki viwili tu, Oregon State na Washington State. UCLA ya Los Angeles na Rutgers ya New Jersey sasa zimo katika ligi moja, Big Ten, nazo zimetengana kwa kilomita karibu 4,000. Huko Oklahoma hasara iliingia ndani ya nyumba za watu. Chuo Kikuu cha Oklahoma na Oklahoma State, vilivyo mwendo wa saa moja na nusu kwa motokaa, vilikuwa vikikutana kila mwaka tangu 1910. Novemba 2023 Oklahoma State ilishinda 27 kwa 24. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Oklahoma kikahamia ligi ya Southeastern, na desturi ile ikakatika. Ndugu wawili waliokuwa wakitaniana mwaka mzima kwa ajili ya siku moja wamenyang'anywa siku yao.

La pili ni juu ya ubingwa. Tangu msimu wa 2014 timu nne tu zilichaguliwa kuingia katika mtoano. Msimu wa 2024 zikawa kumi na mbili. Tarehe 30 Novemba 2024 Michigan iliishinda Ohio State 13 kwa 10 katika uwanja wa Ohio State wenyewe. Kwa mahasimu hao, kushindwa kwa namna hiyo kulikuwa msiba wa mwaka mzima. Safari hii Ohio State iliingia katika mtoano hata hivyo, na tarehe 20 Januari 2025 ikaishinda Notre Dame 34 kwa 23 na kutwaa ubingwa. Wanafunzi wangu husema kwamba hiyo ndiyo haki, kwa kuwa timu bora haikuhukumiwa kwa siku yake moja mbaya. Jirani yangu huuliza: ikiwa kidonda cha hasimu hupona kwa majuma saba, uhasama una thamani gani tena?

La tatu ni fedha, na hili ndilo litiwalo chumvi nyingi. Kwa muda mrefu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilishikilia kwamba mwanachuo ni mchezaji wa ridhaa: apewe ufadhili wa masomo, asipewe mshahara. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikishinda chama hicho katika shauri la manufaa ya masomo ya wachezaji. Julai mchezaji akaruhusiwa kupata kipato kwa jina lake na sura yake. Mwaka huo huo akaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka 2024 kizuizi cha idadi ya kuhama kikaondolewa kwa mwenye kutimiza masharti ya masomo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu inayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Washabiki wengi husema kwamba mapenzi ya chuo yamekufa, na kwamba kijana wa leo ni mamluki.

Sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili tumeyazoea mabishano ya namna hii. Miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi, walikuwapo waliosema kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi, na waliosema kwamba roho ya ushairi haimo katika hesabu ya silabi. Huyafundisha mabishano hayo kila mwaka, na kila mwaka huona jambo moja: pande zote mbili zilikuwa za watu walioupenda ushairi, na aliyebadilisha alibadilisha kwa kalamu yake mwenyewe. Katika futiboli ya vyuo sivyo ilivyo. Aliyezivunja ligi si mchezaji wala mshabiki. Ni mkataba wa televisheni uliotiwa sahihi katika chumba ambacho hakuna kati yao aliyealikwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jirani yangu, ingawa nampenda. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini wao hao walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, wakatuachia wenyewe kazi ya kupambanua. Mila si kitu kimoja. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 waliripotiwa kufa kwa mchezo huu, hata Rais Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo vitatu, Harvard, Yale na Princeton, wazungumze. Mwaka uliofuata kanuni zilibadilishwa, na kurusha mpira mbele kukaruhusiwa. Leo mshabiki mkongwe kuliko wote huona kule kurusha kuwa ndiyo roho ya mchezo. Lililokuwa uzushi limekuwa urithi. Nami niliye Mwafrika siwezi kusahau kwamba ligi ya Southeastern, iliyoundwa mwaka 1932, haikumchezesha kijana Mweusi hata mmoja mpaka tarehe 30 Septemba 1967, Nate Northington wa Kentucky alipoingia uwanjani. Hiyo nayo iliitwa mila, na walikuwapo walioililia.

Basi si haki kuyaweka malalamiko matatu katika kapu moja. Nilikuwa na mwanafunzi mchezaji katika darasa langu la mwanzo, kijana mwenye adabu aliyeandika insha zake akiwa na barafu gotini. Siku aliyokuja kuniaga ili ahamie chuo kingine nilimwuliza kama habari za kuitwa msaliti zilimwumiza. Alijibu: "Mwalimu, kocha wangu wa kwanza aliniambia kuwa mimi ni kama mwanawe. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye mshahara mkubwa zaidi, na hakuna aliyemwita msaliti." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata.

Tena tazama tarehe. Maryland ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi ya Atlantic Coast mwaka 1953. Mwaka 2014 iliiacha ligi hiyo ikahamia Big Ten, miaka saba kabla ya mchezaji kuruhusiwa kuuza hata sahihi yake. Vyuo ndivyo vilivyoonyesha njia: viliwaacha jirani zao kwa ajili ya fedha, kisha vikashangaa kuona kijana wa miaka kumi na tisa amejifunza somo lililofundishwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo naona kwamba washabiki wana haki kuulilia ujirani uliovunjwa, maana huo ulikuwa mali ya umma na umeuzwa bila idhini ya wenyewe. Juu ya mtoano wanaweza kubishana mpaka kiama bila kudhulumu mtu. Lakini wanapolilia siku ambazo mchezaji alitoa goti lake na bega lake huku wengine wakigawana mapato, hawaililii mila. Wanaililia bei rahisi. Mwenye kutaka kijana akae chuoni kwa mapenzi hana budi kwanza akidai chuo kikae na jirani zake kwa mapenzi. Jirani yangu, nilipomweleza maneno haya, alinyamaza kitambo, akageuza nyama jikoni, kisha akasema kwamba Oklahoma na Oklahoma State wangepaswa kucheza hata kama hakuna televisheni. Katika hilo tulipatana.