Kabla Hujafuga Konokono wa Tangi, Jifunze Kwanza Kuhesabu Mayai Yake

Leo siandiki kuhusu mbolea wala bei ya pishori. Nataka tuzungumze kuhusu konokono wa maji, yule mkubwa mwenye mayai ya rangi ya waridi, kwa upande ambao hatujauzungumzia hapa: kumfuga kwa makusudi.

Tangu msimu huu uanze nimeulizwa swali lile lile na watu watatu. Mmoja ni kijana anayeuza samaki wa mapambo. Mwingine ni mama mwenye kibanda sokoni. Wa tatu ni mzee mwenye ekari mbili za mpunga, naye alilisema wazi kuliko wote: "Afisa, hawa tunaowaokota kila asubuhi na kuwaponda, nasikia Nairobi watu huwanunua wawaweke kwenye kioo. Mbona tusiwauze?"

Ni swali la haki. Mtu aliyelipa vibarua mara mbili kuokota konokono hawezi kulaumiwa akitafuta namna ya kurudisha shilingi zake. Kwa hiyo nitalijibu kwa heshima linayostahili. Jibu fupi ni hili: ukiwa ndani ya skimu au karibu na mfereji wowote, usifuge wala usiuze konokono huyu akiwa hai. Ukiwa mbali na mashamba ya maji, ufugaji wa konokono wa tangi unawezekana, lakini kazi yenyewe si kumlisha konokono. Kazi ni mayai.

Tunamzungumzia konokono yupi?

Konokono hawa ni wa jamii iitwayo Pomacea, na kwao ni Amerika Kusini. Wapenzi wa matangi ya samaki wanawapenda kwa sababu ni wakubwa, wanatembea taratibu kwenye kioo, na wapo wa rangi ya dhahabu, kahawia, hata samawati. Wapo wa aina kadhaa, na mbili zinatuhusu. Ya kwanza ni Pomacea diffusa, ambaye ndiye anayeuzwa sana na wafugaji wa nje. Huyu hula zaidi mabaki ya chakula na majani yaliyooza. Ya pili ni Pomacea canaliculata, anayekula mimea michanga iliyo hai. Huyu ndiye aliye mashambani mwetu.

Ukiwatazama wakubwa wawili pamoja utaona tofauti. Gamba la diffusa lina mabega bapa, kama ngazi. La canaliculata lina mfereji mwembamba wenye kina pale mizunguko ya gamba inapokutana. Lakini wakiwa wadogo kama punje ya mchele hata mtu mzoefu huchanganyikiwa, na rangi haisaidii kitu kwa sababu aina zote mbili zina wenye rangi ya dhahabu. Kwa hiyo mfanyabiashara akikuambia "huyu ni yule mpole," usitegemee neno lake. Mchukulie kila mmoja kama yule mharibifu.

Mayai yake yanafanya kazi vipi?

Konokono wengi wa majini hutaga chini ya maji, mayai yamefungwa ndani ya ute. Huyu hapandi njia hiyo. Jike hutoka majini usiku, hupanda juu ya jani, ukuta wa mfereji, mti au kioo, akataga kichala kimoja sentimita kadhaa juu ya maji. Kichala kikiwa kipya ni laini na kina unyevu. Baada ya siku moja hukauka na kuwa kigumu. Cha canaliculata ni cha waridi kali inayoonekana kutoka mbali; kikikaribia kuanguliwa hufifia na kuwa cheupe.

Kichala kimoja mara nyingi huwa na mayai 200 hadi 300, na vipo vinavyofika 500. Kwenye joto kama letu huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Watoto hudondoka majini wakiwa na ukubwa wa milimita 2 au 3, na baada ya miezi miwili au mitatu nao wanataga.

Kuna mambo mawili ambayo wanaouliza huwa hawayajui. La kwanza, jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi. Konokono mmoja tu uliyemnunua, akiwa peke yake kwenye tangi, anaweza kutaga mayai yenye uhai. La pili, mayai yana sumu inayowafukuza walaji wengi. Ile rangi ya waridi ni onyo. Usitarajie ndege au kuku akusaidie kuyamaliza.

Sasa tufanye hesabu. Sema una jike mmoja anayetaga kichala kimoja kwa wiki, cha mayai 200, na nusu tu ndiyo yanaanguliwa. Hiyo ni 100 kwa wiki. Ndani ya miezi miwili una zaidi ya watoto 800, na wa kwanza wanakaribia kutaga. Je, una wateja 800? Usipokuwa nao, utawapeleka wapi?

Swali hilo liliwahi kujibiwa vibaya

Karibu mwaka 1980 konokono huyu alipelekwa Taiwan, na baadaye Ufilipino na nchi nyingine za Asia, afugwe kama chakula na biashara. Watu waliahidiwa soko. Walaji hawakumpenda, bei ikaanguka, wafugaji wakaacha matangi yao au wakamwaga konokono mitaroni. Kutoka hapo aliingia kwenye mpunga, na mpaka leo wakulima wa huko wanapambana naye. Huko Hispania konokono wa jamii ya Pomacea alionekana kwenye mpunga wa delta ya mto Ebro mwaka 2009, na mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kuingiza jamii yote ya Pomacea, pamoja na wale wa matangi.

Hapa kwetu alithibitishwa mwaka 2020, mara ya kwanza nchini Kenya. Utafiti uliofanywa na shirika la CABI na wenzake hapa Mwea ulionyesha kwamba konokono wakienea zaidi ya asilimia 20 ya eneo lililolimwa, mavuno hupungua kwa karibu asilimia 14, lakini mapato halisi ya mkulima hupungua kwa karibu asilimia 60.

Watu wakisikia takwimu hizo mbili hudhani nimekosea moja. Chukua mfano. Unavuna magunia 25. Gharama za kulima, mbegu, maji, mbolea na vibarua zinameza magunia 19. Unabaki na 6 ya kulisha nyumba na kulipa karo. Asilimia 14 ya 25 ni magunia matatu na nusu. Ukiyatoa kwenye yale 6, unabaki na mawili na nusu. Na hapo hujamlipa kibarua wa kuokota wala wa kupandikiza tena palipoliwa. Konokono hali faida na gharama sawasawa. Anakula faida kwanza.

Ndiyo maana nikamwambia yule mzee kwamba akiuza konokono hai mia moja kwa mtu wa Nairobi, hajui watamwagwa wapi mwenye tangi akihama nyumba. Kuna mkulima mwingine kwenye mto mwingine mwenye magunia yake 6.

Kama unafuga tangi, na uko mbali na mashamba ya maji

Siwezi kukataza kila mtu, na najua wapo wasomaji wa mijini wenye tangi tayari. Basi fuga kwa utaratibu.

1. Anza na kibali. Usiingize wala usinunue konokono aliyetoka nje ya nchi bila karatasi za KEPHIS. Uliza ofisi ya kilimo ya kaunti yako kabla ya kulipa pesa, si baada.

2. Usijaze maji hadi ukingoni. Acha sentimita 8 hadi 10 za hewa na ufunike tangi kwa kifuniko kisicho na mwanya. Bila nafasi ya hewa, jike atatoka nje kutafuta mahali pa kutaga, na utakuta vichala nyuma ya kabati.

3. Kagua mara mbili kwa wiki, siku zile zile. Angalia kioo juu ya maji, chini ya kifuniko, kwenye mipira ya pampu. Kwa kuwa mayai huchukua angalau wiki moja, anayekagua mara mbili kwa wiki hapitwi na kichala.

4. Kichala usichokihitaji kitoe, kiponde ndani ya mfuko, kisha ukizike au ukichome. Kukidumbukiza majini peke yake hakutoshi; mayai yaliyokomaa yanaweza kuanguliwa hata hivyo. Vaa glavu.

5. Kichala unachokitaka kiache kikauke siku moja, kisha kibandue taratibu kwa ukingo wa kadi ngumu. Kiweke kwenye kikopo cha plastiki juu ya kitambaa chenye unyevu, si kilicholowa chapachapa, na kifuniko kiwe na matundu madogo. Kiweke mahali penye joto la wastani, mbali na jua. Andika tarehe juu ya kikopo. Usiwe na zaidi ya kikopo kimoja kwa wakati.

6. Maji unayobadilisha yachuje kwa kitambaa, kisha yamwage kwenye udongo mkavu. Yasiende kwenye mtaro, choo cha maji wala mfereji.

Kuhusu afya yao, wanahitaji chokaa ili gamba lisioze. Maganda ya mayai ya kuku yaliyosagwa yanatosha. Sukuma wiki iliyochemshwa kidogo na tango huwafaa. Dawa za samaki zenye shaba huwaua, kwa hiyo soma kibandiko.

Kama unataka konokono wa kusafisha kioo tu, tafuta wale wadogo waitwao nerite. Hutaga vidonge vyeupe kwenye kioo, lakini watoto wao hawakui kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Hata wakitoroka hawatajaza mfereji. Kwa anayeuza samaki wa mapambo, hiyo ndiyo biashara ninayoweza kumshauri bila kukosa usingizi.

Na tafadhali usichote konokono wadogo wa mfereji ukawaweke tangini. Baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, ugonjwa tunaoufahamu vizuri hapa Mwea.

Kama uko ndani ya skimu

Kwako wewe mayai ni ya kuharibu tu. Simika vijiti vya mianzi mahali maji yanapokusanyika, hasa karibu na mlango wa maji. Jike atavipanda atage hapo badala ya kwenye mpunga. Kila baada ya siku tatu au nne, pitia vijiti hivyo na uponde vichala. Ni rahisi kuliko kutafuta shamba zima.

Weka wavu kwenye mlango wa maji. Pandikiza miche iliyokomaa kidogo, kwa sababu wiki mbili tatu za mwanzo ndizo hatari. Katika siku hizo maji yawe ya kina cha sentimita 2 au chini. Konokono hatembei vizuri kwenye maji haba. Okota asubuhi mapema na jioni, ukiwa na glavu na buti. Mpunga ukishashika, bata watakusaidia kula konokono wadogo. Usimwage dawa isiyosajiliwa kwenye maji: utaua samaki wa jirani, na konokono atafunga mlango wa gamba lake na kujifukia kwenye tope, ambako anaweza kukaa miezi.

Wanaouza miche na wanaokodisha matrekta, kagueni pia. Osheni magurudumu na majembe ya trekta kabla ya kuhamia shamba lingine, na tazameni mashina ya miche kabla ya kuifunga. Mnahudumia watu wengi kwa siku moja kuliko konokono anavyoweza kutambaa kwa mwaka.

Yule kijana wa samaki ameniomba nipite nikague orodha ya konokono anaotaka kuagiza, na nimekubali. Wewe pia ukiwa na tangi, au ukiona kichala cha waridi mahali ambapo hujawahi kukiona, kipige picha, andika mahali na tarehe, kisha ukiponde. Picha ilete ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe siku hiyo hiyo, maana kwa mayai haya wiki moja ya kungoja ni ndefu mno.