Kutoka Uwanja wa Kamembe hadi Mji wa Zamani

Mgeni anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Kamembe akisema, "Nipeleke mjini," atafikishwa madukani Kamembe, juu kilimani. Lakini mji wa zamani ni Cyangugu, nao uko chini, ukingoni mwa ziwa Kivu, pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, na Bukavu ikionekana ng'ambo.

Tofauti hii niliijua vema siku nilipotumwa kumlaki babu yangu, aliyekuwa ametibiwa mguu Kigali. Kwa barabara ya msitu wa Nyungwe safari ni saa tano au sita. Kwa ndege ni kama nusu saa. Ndiyo sababu baba zangu wadogo walimchangia nauli. Baba alinipa faranga 10,000, akaniagiza tuchukue teksi mpaka kituo cha mabasi, kisha tushuke moja kwa moja kwetu Bugarama.

Babu alipokwisha kuketi ndani ya teksi alisema, "Mjukuu wangu, tupitie Cyangugu kwanza. Mguu huu hautanileta tena."

Nilihesabu fedha. Teksi ya kwenda na kurudi ingezimaliza zote. Basi nikapatana na dereva atufikishe chini tu. Kupanda tutapanda gari la abiria pamoja na watu wengine.

Huko chini palikuwa kimya. Babu alinionyesha kwa fimbo yake duka alimokuwa akiuza mchele wa Bugarama. Mlango ulikuwa umefungwa. Akanieleza kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaondoa majirani zake wengi, na wengine walikimbia wasirudi. Biashara ikahamia Kamembe. Mwaka 2006 mkoa wa Cyangugu ukavunjwa, na mji ukaacha kuwa makao ya mkoa. Kisha, nyumba kwa nyumba, alinitajia majina ya waliokaa humo. Nami niliyaandika yote katika daftari langu la hesabu, kwa maana sikuwa na jingine.

Tulifika nyumbani jioni, zikiwa zimesalia faranga 300. Baba aliuliza tumechelewa wapi; babu akamjibu, "Tulikuwa mjini."

Kwa hiyo, ninyi mliomaliza shule zamani, mkirudi kwa ndege mwambieni dereva, "Cyangugu, chini ziwani." Na ninyi wenzangu, mkitumwa kumlaki mzee, chukueni kalamu.