Msimu wa Bandari na Furaha Isiyo na Mkeka



Klabu ya mpira hupitia mitihani ya namna mbili. Ligi huipima subira yake, kwani ligi ni safari ya miezi, na pointi moja iliyopotezwa Desemba huja kudaiwa Mei. Kombe nalo huupima moyo wake wa siku moja, kwa kuwa anayeteleza siku hiyo hana kesho. Ni nadra klabu moja kutoka na alama nzuri katika mitihani yote miwili kwa msimu mmoja. Klabu ya Bandari ya hapa kwetu Mombasa ilifanya hivyo katika msimu wa 2018/2019: ilimaliza ya pili katika Ligi Kuu ya Kenya, nyuma ya Gor Mahia, kisha ikatwaa Ngao ya Shirikisho la Kandanda.

Naandika habari hizi katika jarida la familia, na si katika ukurasa wa michezo, kwa sababu msimu ule haukupita Mbaraki peke yake. Ulipita pia ndani ya nyumba yangu. Ulituletea furaha, ukatuletea mtihani, na mwisho wake ukatufundisha kuvitenganisha vitu viwili ambavyo vijana wetu wa leo huviona kuwa kitu kimoja, yaani mapenzi ya mpira na kamari ya mpira.

Marehemu baba yangu alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini, na alipokuwa akihadithia mpira hakukosa kuitaja Feisal, klabu ya Mombasa iliyotwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965. Tangu hapo taji hilo halikurejea Pwani. Kwa hiyo ilipofika 2018, miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na kizazi kizima kilikuwa kimezaliwa na kuzeeka kikisikia ubingwa wa Mombasa kama hadithi ya wazee. Bandari, klabu ya Halmashauri ya Bandari, ilipoanza kukaa karibu na kilele cha jedwali, haikuwa ajabu kwamba hata sisi akina mama tulianza kuuliza matokeo.

Msimu wenyewe ulikuwa mgumu. Kenya ilikuwa ikibadili kalenda yake ili ilingane na ya Shirikisho la Afrika, na kwa sababu hiyo vilabu 18 vilitakiwa kumaliza mechi 34 kila kimoja kuanzia mapema Desemba hadi mwisho wa Mei. Uwanja wa Manispaa ulikuwa umefungwa kwa ukarabati, hivyo Bandari ikawapokea wageni wake katika uwanja mdogo wa Mbaraki. Kocha alikuwa Bernard Mwalala, mshambuliaji wa zamani aliyewahi kuichezea Yanga ya Tanzania. Langoni alisimama Farouk Shikalo. Nahodha, Felly Mulumba, ni mtu wa Kongo, na katika kikosi alikuwamo William Wadri kutoka Uganda. Mume wangu alizoea kusema kwamba timu ile ilifanana na bandari yenyewe, kwani kila mmoja alitoka kwake na wote walishusha mzigo mmoja.

Januari 2019, ligi ikiwa ingali changa, Bandari ilikwenda Dar es Salaam kushiriki mashindano ya vilabu vinane, vinne vya Kenya na vinne vya Tanzania. Iliitoa Singida United kwa bao 1-0. Katika nusu fainali iliifunga Simba 2-1, na Simba kuifunga Dar es Salaam si kazi ya mchezo. Mtaa wetu ulilipuka kwa shangwe. Siku mbili baadaye, katika fainali, Bandari ilikutana na Wakenya wenzao, Kariobangi Sharks, ikafungwa bao 1-0.

Usiku wa fainali ile mtoto wa dada yangu hakula chakula. Alikuwa kijana wa miaka 20, amekuja kutoka Lamu kukaa nasi ili asome ufundi wa umeme katika chuo kimoja hapa mjini. Nilidhani ni huzuni ya mpira, nikamwambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Alinitazama kisha akainama. Asubuhi yake, baada ya Swala ya Alfajiri, alikuja jikoni akasimama mlangoni. “Mama mdogo,” aliniambia, “ile karo aliyonitumia mama haipo.”

Shilingi 8,000. Dada yangu ni mjane anayesuka mikeka ya ukindu na kuuza, nami nalijua jasho la kila shilingi katika zile elfu nane. Na kijana wake alikuwa ameziweka katika mkeka wa namna nyingine, mkeka wa kamari wa kwenye simu, akiamini kwamba timu iliyomfunga Simba nyumbani kwake haiwezi kushindwa na yeyote. Neno lile moja kwa vitu viwili lilinichoma: mama anasuka mkeka apate karo, mwana anaitia karo katika mkeka.

Mume wangu alipoambiwa hakupandisha sauti. Alimwita kijana, akamwita na kifungua mimba wetu aliyekuwa na miaka 17, akaniomba nami niketi. Alichukua karatasi na kalamu, akaanza kuhesabu mbele yetu. Mechi moja, alisema, ina matokeo matatu: timu ya nyumbani itashinda, au itashindwa, au zitatoka sare. Mechi mbili zina njia 9. Mechi tatu zina njia 27. Aliendelea kuzidisha kwa tatu hadi mechi 10, akafika njia 59,049. Wale vijana walitazamana. Kisha akafika mechi 17, idadi wanayoifukuzia watu katika zile jakpoti kubwa, na jibu likawa njia 129,140,163. Sensa iliyofanywa mwaka uleule iliwahesabu Wakenya wasiotimia milioni 48. Ni kweli kwamba anayeujua mpira huweza kuziondoa baadhi ya njia hizo, lakini hata ukiziondoa nyingi, zinazosalia ni nyingi mno kwa karo ya mtoto mmoja.

“Aliyeutengeneza mchezo huu,” alisema mume wangu, “alizipiga hesabu hizi kabla yako.”

Uharamu wa kamari kijana aliujua. Alisoma madrasa tangu utotoni, na Suratul Maida si ngeni kwake. Lakini nilimwona akishtuka kwa ile karatasi kama mtu aliyekuwa akilijua neno siku zote na leo ndiyo amefahamu maana yake. Nimejifunza kwamba watoto wetu aghalabu wanaijua hukumu. Wanachokikosa ni mtu mzima wa kukaa nao na kuwaonyesha hekima ya hukumu ile kwa mambo ya maisha yao wenyewe. Tukiwaambia “haramu” kisha tukainuka tukaenda zetu, tangazo la kamari hukaa nao usiku kucha, kwani halichoki wala halina usingizi.

Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, kijana atampigia mama yake simu na kumweleza yeye mwenyewe. Pili, karo atairudisha kwa mkono wake. Tatu, hatutampiga marufuku kuifuata Bandari. Jambo hili la tatu ndilo lililoleta mjadala. Mama mkwe alishikilia kwamba mpira ndio uliomponza, na ungefungiwa mlango kabisa. Namheshimu mama mkwe, na hofu yake naielewa. Lakini mume wangu alimwambia kwa adabu: “Mama, tukimnyima mpira wa mchana, atautafuta wa usiku, na huko hatutakuwapo.” Bibi alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Basi na autazame akiwa hapa, machoni petu.”

Kuanzia Februari kijana akawa anaamka mapema siku zisizo za masomo na kwenda soko la Kongowea kupakua magunia ya viazi na vitunguu. Jioni alikuja na mia mbili, siku nyingine mia tatu, akanikabidhi nami nikiandika katika daftari. Ilipoingia Ramadhani, mapema Mei, nilimpikia kaimati na viazi karai akauza karibu na msikiti kabla ya Magharibi. Na kila wiki daftari lilipopanda kidogo, Bandari nayo ilikuwa ikichuma pointi zake, tatu leo, moja kesho. Sikukusudia kuvilinganisha, ila vilikuwa vikitokea pamoja mbele ya macho yangu. Ligi haina bahati nasibu ya siku moja. Gor Mahia ndiyo iliyotwaa ubingwa, na waliustahiki, lakini kumaliza wa pili kati ya vilabu 18 baada ya mechi 34 si jambo la kudharauliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki ya mwisho ya Mei, daftari lilitimiza 8,000.

Fainali ya Ngao ilichezwa Jumamosi, tarehe 1 Juni 2019, Kasarani, Nairobi, sisi tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Na mpinzani? Kariobangi Sharks walewale, tena safari hii wakiwa ndio mabingwa watetezi wa Ngao. Alasiri ile nilikuwa nikiukoroga uji wa futari, redio ikiwa juu ya meza, na watoto wamekaa chini wakiizunguka. Binti yangu mdogo alikuwa akiyaandika mabao kwa chaki sakafuni. Bandari ilishinda 3-1.

Nilikuwa nikimtazama zaidi mtoto wa dada yangu kuliko kuisikiliza redio. Januari, katika mechi ya Dar, macho yake hayakutoka kwenye simu, na alichouliza kila mara kilikuwa ni dakika zilizosalia. Juni, simu ilikuwa imelala dirishani, naye alibishana na binafsi zake na wenzake juu ya nani alistahili kuanza na nani ametoa pasi nzuri. Bao la Sharks lilipoingia aliguna, kisha akacheka. Hapo nikafahamu jambo ambalo mahubiri mengi hayakunifahamisha: kamari haimwongezei mtu raha ya mpira, bali humnyang’anya. Aliyeweka pesa hatazami mchezo. Anatazama deni lake likikimbia uwanjani.

Yaliyofuata yanajulikana. Sharks, kwa ule ushindi wao wa Dar, walipata nafasi ya kucheza na Everton ya Uingereza hapo Kasarani mwezi Julai, wakawashinda kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Bandari, kwa Ngao ile, iliiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa US Ben Guerdane ya Tunisia, na hatimaye ikazuiwa na Horoya ya Guinea mlangoni mwa hatua ya makundi.

Lakini kuna jingine lililotokea mwaka ule, na napenda wazazi wenzangu walizingatie. Ligi na Ngao zote mbili zilikuwa zikidhaminiwa na kampuni ya kamari. Katikati ya mwaka serikali iliwabana wafanyabiashara wa kamari, udhamini ukaondolewa, na vilabu kadhaa vikabaki vikihangaika na mishahara ya wachezaji. Wengi walisikitika, na mchezaji asiyelipwa anastahiki kusikitikiwa. Hata hivyo, tujiulize fedha ile ya udhamini ilitoka wapi. Kampuni ya kamari hailimi wala haivui. Inachotoa kwa mkono mmoja imekikusanya kwa mwingine kutoka kwa walioshindwa, na miongoni mwao ni wana wa wajane wasukao ukindu. Mpira unaojengwa juu ya msingi huo hauna budi kuyumba. Bandari ilikuwa na nafuu kwa kuwa nyuma yake ilisimama taasisi yenye kazi ya halali na watu wenye ajira.

Mtoto wa dada yangu alimaliza kozi yake, na leo anatandaza nyaya za umeme katika nyumba za watu. Angali anaipenda Bandari, na tukipata nafasi huifuata pamoja.

Ushauri wangu ni mfupi. Mama, usiuone mpira kuwa adui, kwani ukiufukuza mwanao ataufuata huko nje. Ijue timu yake. Uliza matokeo, nahodha na nafasi yao katika jedwali, maana mtoto huzungumza na anayeijua lugha yake. Mwache binti naye asikilize. Ijue simu ya mwanao na ujumbe wa pesa unaoingia na kutoka. Na akiteleza, msimamishe, msikilize, kisha mpe kazi ya kurudisha alichopoteza kwa mkono wake, kidogo kidogo, hadi daftari litimie.

Allah awahifadhi vijana wetu, aibariki riziki yetu ya halali, na atujaalie furaha isiyotuachia majuto. Amin.